Kopo la Kimbo

Kopo lilikuwa la Kimbo, la enzi mpaka wa Holili haujafungwa,
limebonyea upande mmoja kama shavu la mtu aliyeng'olewa jino.
Tuliliweka uwanjani, Njoro, nyuma ya reli,
mmoja akafumba macho kwenye mjakaranda, akahesabu,
wengine tukatawanyika: migombani, chini ya behewa bovu,
Aikande ndani ya pipa la mbege la mama yake,
akitoka humo anayumba kwa harufu tu.
Aliyeonwa alitekwa. Alisimama kando ya kopo akingoja
mmoja wetu achomoke, alipige teke, apaze sauti: Kombolela!
na mateka wote waruke, huru, mpaka tuitwe kula.

Sheria tuliikuta hivyo. Nani aliitunga, hatukuuliza.

Kisha redio ikabadili sauti.
Mwalimu Ndetaulwa akaja na msumeno na mbao za mgrivea,
akachonga bunduki arobaini na mbili,
akazihesabu asubuhi, akazihesabu jioni,
sisi wenyewe hajawahi kutuhesabu hivyo.
Akasema mchezo wenu mzuri, ila haujakomaa.
Kombolela, ukombozi: neno ni lile lile, watoto,
tutalinyoosha tu.

Akalinyoosha.
Kopo likawa ngome. Mfumba macho akawa nduli.
Aliyetekwa hakungoja tena teke la mwenzake,
alilazwa kifudifudi, akahesabiwa,
nasi tukapita juu yake, kushoto, kulia:

    Nduli kaja na mkuki,
    twampokea kwa moto,
    hata sisi tu watoto
    tumezishika bunduki.

Nilipenda. Sitadanganya.
Siku ya halaiki, uwanja wa Majengo,
tuliandika USHINDI kwa miili yetu.
Mimi nilikuwa mguu wa herufi H.
Mama alipiga vigelegele kutoka jukwaani, alilisoma neno zima.
Mimi niliona kisogo cha aliye mbele yangu,
na upele wake.

Tatizo, hakuna aliyetaka kuwa nduli.
Tulipigia kura, tulihonga gololi, tulipigana ngumi za kweli.
Mpaka Januari akaja Kaijage, kwa mjomba wake fundi viatu,
na shati moja, na Kiswahili cha kupanda na kushuka.
Alitoka kule kule, ng'ambo ya mto.
Tulichokuwa tunakiimba, yeye alikuwa amekiona.
Hatukumuuliza. Mgeni ndiye nduli, tukakata shauri,
na Mwalimu akatikisa kichwa kukubali.

Hakubisha. Tulipomfyatulia
hakuanguka kama tulivyoanguka sisi,
mikono juu, ulimi nje, jicho moja linachungulia.
Alianguka kama mzigo uliokatwa kamba,
goti chini ya tumbo, mdomo kwenye vumbi.
Filimbi ikalia. Hakuinuka.
Ikalia tena.
Aikande akamgusa begani kwa mtutu wa mgrivea.
Kaijage akasema, macho yamefumbwa,
"Bado. Huwa wanarudi."

Upepo ulileta harufu ya kahawa ya kiwandani.
Naikumbuka hiyo kuliko uso wa Mwalimu.
Aikande aliweka bunduki chini, taratibu, kama sahani,
akaenda akalipiga kopo teke
likavuka reli likilia kwenye kokoto,
akaita lile neno la zamani, kwa sauti iliyokatika katikati.

Alichapwa sita. Kwa kuharibu gwaride.
Mimi nilirudi mstarini, nafasi ya thelathini na moja.
Kaijage alilala palepale mpaka mjomba wake akaja
na gundi mikononi, akamwokota.

Jioni ile bunduki zilitimia arobaini na moja.
Ile moja haikupatikana; mama alikuwa ameshaichochea chini ya maharage,
na hakuniambia mpaka alipozeeka.

Siku hizi watoto wa Njoro wanatumia chupa ya plastiki.
Hailii vizuri.
Lakini nikipita nikasikia mmoja anahesabu, uso kwenye mti,
nasimama kidogo, mfuko wa nyanya mkononi,
nisikie anahesabu nini.